Kudumu na Kudumishwa: Kuchakaa kwa Vipuri vya Gari Kuukuu na Matarajio ya Mwenye Gari

Utangulizi

Kandokando ya barabara zinazouacha mji wa Kakamega kuelekea Webuye, Mumias na Kisumu, mafundi wa jua kali hufanya kazi wakiwa wamelala chini ya magari ambayo baadhi yake yana umri mkubwa kuliko wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mazungumzo yanayosikika katika gereji hizo hurudia swali moja. Mwenye gari huuliza, "Fundi, hii ukiiweka itakaa?" Naye fundi hujibu, "Itakaa, mwalimu." Miezi michache baadaye wawili hao hukutana tena, safari hii kwa ugomvi. Mwenye gari hudai kwamba ametapeliwa. Fundi hulaumu barabara. Mara nyingi hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alikuwa na maana yake ya neno "kukaa", na maana hizo hazikuwahi kulinganishwa.

Makala haya yananuia kueleza mambo matatu: sababu za vipuri vya gari kuchakaa, maana halisi ya umri wa kipuri, na tofauti iliyopo kati ya uchakavu unaoweza kuvumilika na ule unaoua. Hoja yetu kuu ni kwamba gari halidumu lenyewe, hudumishwa. Msomaji huenda akashangaa kuikuta mada hii katika jarida la Kiswahili. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya ugomvi wa gereji ni ugomvi wa maneno, na maneno ndiyo kazi yetu. Pili, hata asiye na gari husafiri katika gari la mwingine, na uhai wake hutegemea neno ambalo fundi alimwambia dereva na jinsi dereva alivyolielewa.

Maneno ya Uchakavu

Kiswahili kina hazina kubwa ya msamiati wa vitu vilivyotumika kwa muda mrefu. Gari likiitwa kongwe, hupewa heshima ya umri. Likiitwa kuukuu, huambiwa kwamba limezeeka ingawa bado linatumika. Likiitwa mkweche, limekwisha kudharauliwa. Gari lile lile moja laweza kuitwa majina yote matatu siku moja, kutegemea anayelitaja na iwapo limekubali kuwaka asubuhi hiyo.

Linalotuhusu zaidi hapa ni vitenzi. Fundi akichunguza bushi, yaani kipande cha mpira kinachowekwa baina ya vyuma viwili ili visigongane, husema, "Imelika." Hasemi, "Imeliwa." Wanafunzi wa sarufi watatambua mara moja tofauti iliyopo. Katika kauli ya kutendwa, mtenda hudokezwa hata asipotajwa: kilicholiwa kimeliwa na kitu fulani. Katika kauli ya kutendeka, mtenda hufifia na hali pekee ndiyo inayobaki. Kitenzi "chakaa" kina tabia iyo hiyo: kitu huchakaa chenyewe, na ili kumrudisha mtenda inabidi tuseme "chakaza".

Kauli hiyo ni ya adabu, kwa kuwa haimlaumu yeyote. Hata hivyo, huficha swali muhimu kuliko yote: bushi imeliwa na nini? Je, ni mzigo, vumbi, maji, muda, au ni kipuri kingine kilichoharibika jirani yake? Fundi asipojibu swali hilo atabadilisha bushi leo, na mlaji yule yule ataila nyingine kesho. Vivyo hivyo, "dumu" ni kitenzi kisichomtaja mtenda. "Dumisha" humtaja. Mwenye gari anayeuliza kama kipuri kitadumu ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni nani atakayekidumisha, na kwa njia gani.

Kwa Nini Vipuri Huchakaa

Ni kawaida kufikiri kwamba gari bora ni lile lisilochakaa. Ukweli ni kwamba gari limeundwa kwa vipuri vilivyokusudiwa kuchakaa ili vingine visalimike. Pedi za breki hulika ili diski isilike upesi. Bushi husagika ili mkono wa chuma unaoshika gurudumu usisagike. Ndani ya injini, beringi zinazobeba kranki hufunikwa kwa madini laini kuliko chuma cha kranki chenyewe. Oili ikipungua au ikichafuka, beringi hukwaruzika kwanza kwa sababu bei yake ni ndogo kuliko ya kranki. Fyuzi nayo huungua ili nyaya zisiungue. Hivi vyote ni vipuri vya kafara. Kuchakaa kwao ni dalili kwamba vinatimiza kazi yao.

Walaji wa vipuri wanaweza kugawika katika makundi manne. La kwanza ni msuguano, ambao hula pedi, klachi, ringi za pistoni na matairi. La pili ni uchovu wa chuma: springi inayokunjwa na kukunjuliwa mara milioni kadhaa huota ufa mdogo usioonekana, na siku moja hukatika ghafla hata bila mzigo mkubwa. La tatu ni kutu. La nne ni muda wenyewe, hasa kwa vitu vya mpira. Mpira hukauka na kupasuka kwa sababu ya joto, mafuta na hewa ya ozoni, hata kama gari limeegeshwa tu nyumbani. Ndiyo maana gari lililotembea kilomita chache kwa miaka mingi halina budi kuchunguzwa mpira wake wote, hata kama saa yake ya mwendo inasoma tarakimu ndogo za kumvutia mnunuzi.

Mazingira ya Kakamega huwapa walaji hao nguvu. Eneo hili hupata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Maji na tope la udongo mwekundu huingia katika kila mwanya. Mfano bora ni boli-jointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka. Kiungo hiki hulindwa kwa kifuko chembamba cha mpira kilichojazwa grisi. Kifuko kikipasuka, grisi hutoka, tope huingia, na chembe za mchanga huanza kusaga chuma kama msasa. Kilichoharibika kwanza ni mpira wa bei ndogo. Kinachoonekana kuharibika baadaye ni chuma cha bei kubwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umri wa Kipuri Una Maana Gani?

Muuzaji wa vipuri akisema kwamba beringi fulani hukaa kilomita laki moja, wengi wetu huisikia kauli hiyo kama ahadi. Wahandisi hawaitumii hivyo. Umri wa beringi hutajwa kwa kipimo maalumu: ni kiwango ambacho beringi 90 kati ya 100 za aina moja, zikibeba mzigo mmoja, hutarajiwa kukifikia au kukipita. Kumi zilizobaki hutarajiwa kuharibika kabla ya hapo. Hivyo basi, mtu aliyenunua beringi halali, ikafungwa na fundi hodari, kisha ikafa mapema, yamkini hakutapeliwa na yeyote. Ameangukia miongoni mwa zile kumi.

Isitoshe, umri huo hutegemea mzigo kwa namna isiyo ya kawaida. Hesabu iliyotolewa na Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren wa Uswidi mwaka wa 1947, ambayo ingali msingi wa kukadiria umri wa beringi, huonyesha kwamba kwa beringi za gololi mzigo ukiongezwa maradufu, umri haupungui kwa nusu tu. Hushuka hadi thumni moja. Mzigo ukizidi kwa robo pekee, umri hupungua karibu kwa nusu. Hapa ndipo tunapoweza kuelewa masaibu ya Probox zetu. Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka wa 2002 kama gari dogo la kazi. Linapojazwa abiria kuliko viti vyake, pamoja na gunia la mahindi na kuku buti, dereva huona nauli iliyoongezeka leo. Haoni kilomita alizozikata kutoka katika umri wa beringi, shoki na springi.

Jambo jingine la kuzingatia ni jinsi uharibifu unavyosambaa katika maisha ya kifaa. Wahandisi huuchora kwa mstari unaofanana na karai lililokatwa katikati: ukingo wa kwanza umeinuka, sakafu ni tambarare, kisha ukingo wa pili unapanda. Maana yake ni kwamba vipuri vingi huharibika mapema kwa kasoro za kiwandani au za ufungaji. Vinavyovuka kipindi hicho hutulia kwa muda mrefu. Na mwishoni uchakavu huanza kuviangusha kwa wingi. Kipuri kilichotumika Japani, ambacho sokoni huuzwa kwa sifa ya uasili wake, kimekwisha kuvuka ukingo wa kwanza. Hiyo ni faida yake. Hasara ni kwamba mnunuzi hajui kama kimebakiza sakafu ndefu au kimesimama mguuni pa ukingo wa pili. Kipuri kipya cha kuiga, kwa upande wake, huweza kuwa dhaifu tangu mwanzo. Tatizo la bidhaa bandia lilikuwa kubwa kiasi kwamba Kenya ilitunga sheria mahususi ya kupambana nazo mwaka wa 2008. Hata hivyo, sheria haiwezi kumshika mkono kila mnunuzi dukani. Mnunuzi hana budi kuuliza kipuri kimetoka wapi, na kuelewa kwamba bei ni sehemu ya jibu.

Daraja Tatu za Uchakavu

Fundi anapomwambia mwenye gari kwamba vipuri sita "vimekwisha", na fedha zilizopo zatosha viwili, neno hilo moja halimsaidii kuchagua. Tunapendekeza uchakavu ugawanywe katika daraja tatu.

Daraja la kwanza ni uchakavu unaovumilika. Hapa tunaweka viti vilivyoraruka, rangi iliyopauka, na baadhi ya bushi ndogo zinazogonga barabarani bila kugusa uimara wa usukani. Huu hukera masikio na kuaibisha mbele ya wakwe, lakini waweza kungoja mshahara ujao.

Daraja la pili ni uchakavu unaozaa hasara. Mfano wake ni mkanda wa taimingi, unaosawazisha mzunguko wa kranki na ufungukaji wa vali. Kwa injini nyingi zinazoutumia, watengenezaji hushauri ubadilishwe baada ya takriban kilomita 100,000. Katika injini ambazo pistoni na vali hupishana katika nafasi moja, mkanda ukikatika vali hugongwa na kupinda, na injini nzima hulazimika kufunguliwa. Mkanda hauna mlio wa kutegemewa unaokuonya. Kwa hiyo hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita na miaka. Katika daraja hili pia kuna oili chafu, redieta inayovuja, na kifuko cha mpira kilichopasuka huku chuma kikiwa bado kizima.

Daraja la tatu ni uchakavu unaoua. Boli-jointi iliyolika kupita kiasi huweza kuchomoka, na gurudumu likaanguka upande gari likiwa katika mwendo. Viungo vya usukani na matairi yaliyolika ni wa ukoo huo huo. Breki zinahitaji maelezo zaidi. Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10, na inapofika milimita 3 yafaa ibadilishwe. Wengi hukagua pedi na kusahau maji ya breki. Maji hayo hufyonza unyevu wa hewani kadiri miaka inavyopita. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za selsiasi. Yakishafyonza unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Mtu anayetoka Kakamega na gari lililojaa, akateremka Riat kuelekea Kisumu huku ameikanyaga breki muda wote, huzalisha joto jingi. Maji ya breki yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni. Ajali ya namna hiyo huitwa "breki kufeli", kauli nyingine isiyotaja mtenda.

Mgawanyo huu una manufaa ya moja kwa moja. Mwenye gari mwenye fedha kidogo aanzie daraja la tatu hata kama kelele zinatoka daraja la kwanza. Fundi naye akijifunza kusema, "Hii inasumbua, hii itakutia hasara, na hii itakuua," atakuwa amefanya kazi ya lugha inayookoa maisha.

Kipuri Kipya katika Gari Kuukuu

Lawama inayosikika sana katika gereji ni hii: "Fundi alitengeneza hiki, akaharibu kile." Zipo nyakati ambapo lawama ni ya haki. Zipo pia nyakati ambapo kilichotokea ni tabia ya gari kuukuu lenyewe. Tuchukue redieta iliyokuwa ikivuja. Kwa kuwa ilivuja, mfumo wa kupoza injini haukuwahi kufikia shinikizo lake kamili. Fundi akiiziba vyema, shinikizo hurejea, na mpira mkongwe wa maji uliokuwa umesalimika kwa miaka miwili hupasuka wiki hiyo hiyo. Ukarabati mzuri ndio uliofichua udhaifu uliofuata. Fundi mwenye busara humwambia mteja hilo kabla ya kuanza kazi, kwa maana likisemwa baadaye huonekana kisingizio.

Hali kadhalika, vipuri vinavyofanya kazi kwa jozi hubadilishwa kwa jozi. Shoki mpya upande wa kulia na iliyochakaa upande wa kushoto hulifanya gari lisitulie kwenye kona, na pedi mpya upande mmoja hulivuta gari upande huo dereva anapokanyaga breki. Jifya moja haliinjiki chungu.

Swali gumu zaidi ni lini tukarabati na lini tubadilishe. Jua kali yetu ina ubunifu mkubwa: bushi hukatwa kutoka katika mpira wa tairi kuukuu, na redieta huzibwa ikarudi kazini. Ubunifu huo ni wa kusifiwa pale ambapo kushindwa kwake kutaleta kelele au kuchelewa. Pale ambapo kushindwa kutamtupa mtu mtaroni, kwa mfano boli-jointi iliyolika kuchomelewa ili iendelee kidogo, la kuvunda halina ubani. Kipuri hicho kibadilishwe.

Sifa ya Kudumu Hutoka Wapi?

Wazee wa Magharibi mwa Kenya hulikumbuka Peugeot 504 kama gari lisilokufa. Lilizinduliwa mwaka wa 1968, likaunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, na lile la viti saba likawa teksi ya masafa marefu. Sifa yake ilikuzwa na mashindano ya Safari, lililoshinda mwaka wa 1975 na wa 1978. Kabla yake, Peugeot 404 ilikuwa imeshinda mwaka wa 1963 na wa 1968, miaka ambayo ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ushindi huo ulikuwa wa haki. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mashindano yalivyoendelea kukua, timu za mafundi zilingoja njiani zikiwa na shoki, springi na matairi ya kubadilisha. Watazamaji waliliona gari likipita. Hawakuwaona waliokuwa wakilidumisha. Teksi za 504 nazo ziliishi kwa sababu vipuri vyake vilipatikana, na mafundi waliozijua kama walivyojua viganja vyao walikuwa katika kila mji.

Tuyatazame sasa magari yanayotoka Japani. Kwa kanuni iliyomo katika kiwango cha KS 1515:2000, gari lililotumika haliingizwi Kenya likiwa limepita miaka minane tangu liandikishwe kwa mara ya kwanza. Gari hilo limelelewa katika nchi ambamo gari binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili. Linapofika kwetu likiwa halina mlio wowote, husemwa kwamba magari ya Japani hayaharibiki. Hapa kwetu magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka, lakini mwenye gari binafsi aghalabu humtafuta fundi baada ya kusikia mlio. Miaka mitatu baadaye gari lile lile huitwa mkweche. Kilichobadilika ni malezi.

Fikra hii si ngeni katika utamaduni wa Waswahili. Kabla ya injini kufika pwani yetu, mitepe ya Lamu na visiwa jirani ilisafiri baharini bila msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kamba zilioza kabla ya mbao, na kila baada ya muda mtepe ulivutwa pwani ukashonwa upya. Mabaharia hawakuona hilo kuwa kasoro ya chombo. Ilikuwa sehemu ya kumiliki chombo. Lugha yetu imehifadhi udugu huo: neno "usukani", tunalolitumia leo kwa gari, lilitoka katika chombo cha baharini. Yafaa tulirithi pamoja na desturi ya kukagua kamba kabla ya safari.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vipuri vingi huchakaa kwa kusudi, kwamba umri wa kipuri ni makadirio yanayotegemea mzigo, barabara na bahati, na kwamba uchakavu una daraja ambazo ni hatari kuzichanganya. Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa mwenye gari na fundi wake. Kila gari liwe na daftari yenye safu tano: tarehe, kilomita, kipuri kilichobadilishwa, kilikotoka, na kilicholiwa na nini. Safu ya tano ndiyo itakayowalazimisha wote wawili kumtaja mtenda, na ndiyo itakayopunguza ugomvi kuliko kiapo chochote.

La pili ni kwetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Msamiati wa gereji umekuzwa na mafundi wenyewe, wengi wao wakitohoa maneno ya Kiingereza kwa masikio yao, na ni nadra kwa watafiti kwenda kuusikiliza pale unapozaliwa. Tukiukusanya, na kuuliza hasa jinsi fundi anavyotofautisha kinachosumbua na kinachoua, tutawapa madereva na abiria lugha ya kuulizana maswali yaliyo kamili. Swali "Itakaa?" libakie pale lilipo, kwani limezoeleka. Lifuatwe tu na mengine matatu: itakaa chini ya mzigo gani, katika barabara ipi, na ni nani atakayeikagua, lini?